Shaaban Robert: Karani Aliyeinua Heshima ya Mwafrika kwa Beti



Kamati ya jamii imetuomba sisi walimu tuandike, katika toleo hili la kumbukumbu, habari za mtu mweusi mmoja ambaye maisha yake yanaweza kutufaa hapa tulipo. Majina yaliyotolewa yalikuwa mengi. Wako waliotaka wapigania uhuru, na wako waliotaka wanamichezo. Baada ya majadiliano tumemchagua mtu ambaye hakuongoza jeshi wala serikali. Huyo ni Shaaban Robert, mshairi wa Tanga, aliyefariki mwezi wa Juni mwaka 1962.

Tumemchagua kwa sababu maalum. Katika sherehe za Siku ya Wakimbizi mwaka huu, watoto wetu hawataimba nyimbo za kuwakaribisha wageni peke yake. Kila darasa limetunga shairi fupi la kumsifu mtu mweusi aliyefanya jambo kubwa. Wako wazazi waliotuuliza, na ni haki yao kuuliza, kama shairi litamjazia mtoto sahani, na kwa nini saa hizo zisitumike kwa Kifaransa na hesabu. Jibu letu ni maisha ya mtu huyu.

KUZALIWA NA MASOMO

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga, pwani ya Bahari ya Hindi. Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zote zilihesabiwa chini ya bendera moja, ya Wajerumani. Kiswahili kilikuwa lugha ya makarani, askari na wafanyabiashara kuanzia Tanga mpaka Usumbura, mji ambao leo tunauita Bujumbura. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Waingereza walishika Tanganyika, na Wabelgiji, ambao tayari walikuwa Kongo, wakashika Ruanda-Urundi. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Usumbura wakawa chini ya mabwana wawili tofauti. Lakini lugha haikukatwa na mpaka ule. Ilivuka ziwa kwa mitumbwi na nchi kavu kwa miguu, ikaota mizizi katika mitaa kama Buyenzi, ambako mpaka leo inasikika kila kona.

Tunamwomba msomaji ashike jambo moja. Kwa asili ya ukoo, Shaaban Robert hakuwa mtu wa pwani. Wazee wake walikuwa Wayao, watu ambao makao yao ni kusini mwa Tanganyika na nchi za jirani. Hata jina lake lilikuwa la mchanganyiko: jina la mwezi wa Kiislamu upande mmoja, na jina la Kizungu la baba yake upande wa pili. Mtu huyu, ambaye wenye majivuno ya pwani wangeweza kumwita mgeni, ndiye aliyekuja kuitwa na wengi baba wa fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20. Kwa hiyo mtoto wetu ambaye nyumbani anasema Kibembe, Kifuliru, Mashi au Kirundi asiambiwe kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine. Lugha ni ya yule anayeitunza.

Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926. Nafasi za masomo ya juu kwa Mwafrika zilikuwa chache mno katika Tanganyika ya wakati ule, na masomo yake ya darasani yakaishia hapo. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa kusoma.

KARANI WA SERIKALI

Mwaka 1926 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya forodha, akafanya kazi Pangani na mahali pengine mpaka mwaka 1944. Halafu alihamia idara ya wanyama hadi 1946, kisha ofisi ya wilaya ya Tanga hadi 1952, na mwisho ofisi ya upimaji ardhi mpaka mwaka 1960. Kwa muda wa miaka 34 alikuwa mtu wa faili na kalamu, mtumishi wa serikali ya kikoloni.

Sisi tuliokaa mbele ya meza nyingi za ofisi tunajua karani ni mtu gani. Anaandika maneno ya wengine. Anaandikiwa barua na yeye anainakili. Katika makoloni ya Waingereza mishahara nayo ilipangwa kwa rangi: Mzungu alikuwa na kiwango chake, Mhindi chake, Mwafrika chake cha chini kabisa, hata kama kazi ilifanana. Shaaban Robert aliishi ndani ya mpango huo karibu maisha yake yote ya kazi. Hakuacha kazi, maana alikuwa na familia ya kulisha. Lakini saa za ofisi zilipokwisha alishika kalamu ileile akaandika yaliyokuwa yake.

KWA NINI SHAIRI FUPI

Wakati ule Dar es Salaam kulikuwa na gazeti la serikali lililoitwa Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 na kutoka kila mwezi. Lilikuwa na ukurasa wa mashairi. Walimu, makarani, wakulima na masheikh walipeleka tungo zao, wakaulizana na kujibizana kwa beti. Katika miaka ya 1930 jina la Shaaban Robert lilikuwa miongoni mwa majina hayo. Ukurasa huo ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa mahali ambapo Mwafrika aliweza kusema na Mwafrika mwenzake wa mbali bila kukutana naye.

Kwa faida ya wafanyakazi wa mashirika ambao si wenyeji wa lugha hii, tueleze kidogo. Shairi la kawaida la Kiswahili lina ubeti wa mistari minne. Kila mstari una mizani 16, yaani silabi 16, zilizogawanywa nane kwa nane. Katikati ya mstari pana kina, na mwisho pana kina kingine. Vina na mizani si urembo tu. Ndivyo vinavyofanya maneno yakae kichwani. Mtu asiyejua kusoma akisikia ubeti mara tatu anaondoka nao. Haulipiwi, hauhitaji taa wala karatasi. Hapa kambini, ambapo daftari moja hugawanywa kwa watoto wawili, jambo hilo si dogo. Na tuliokimbia usiku tunajua kwamba vitabu na vyeti vinaweza kubaki nyuma, lakini ubeti aliokuwa nao mtu kichwani alivuka nao.

Shaaban Robert alijua pia kutunga tenzi ndefu. Utenzi wake kuhusu Vita Kuu ya Pili una beti zipatazo 3,000. Lakini watu wengi walimjua kwanza kwa mashairi yake mafupi, ambayo yalisomwa na kukaririwa shuleni. Ndani yake alizungumza juu ya kazi, kweli, mapenzi, umaskini, ndoa, mauti na utu. Alitunga pia juu ya rangi za watu, akatetea kwamba hakuna rangi ya ngozi iliyo na aibu. Leo jambo hili laonekana rahisi. Lilikuwa zito kwa mtu aliyelipwa mshahara kwa kipimo cha ngozi yake.

Tazameni hata majina ya vitabu vyake. Kimoja alikiita Mwafrika Aimba, kingine Almasi za Afrika. Mkusanyo wake wa Pambo la Lugha ulichapishwa Johannesburg mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati serikali ya Afrika Kusini ilipokuwa ikijenga sheria za ubaguzi wa rangi. Mashairi ya mtu mweusi yakatoka katika nchi ambayo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi kwenye benchi moja na mweupe.

MAJONZI YA NYUMBANI

Asije mtu akadhani kwamba alikuwa na maisha ya starehe yaliyompa nafasi ya kutunga. Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki, na Shaaban Robert akamlilia kwa shairi ambalo hadi leo ni kati ya mashairi ya maombolezo yanayopendwa sana katika lugha yetu. Halilaumu wala halipigi kelele. Limekwenda kwa mizani yake mpaka mwisho, na huzuni imekaa ndani yake kama maji ndani ya mtungi.

Kwa watoto wake aliandika tenzi mbili za mausia, mmoja kwa binti na mmoja kwa mwana, akafuata njia ya kale ya Mwana Kupona wa pwani ya Kenya, aliyemtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858. Alitaka kuwaachia watoto kitu ambacho hakiliwi na mchwa. Wazazi wengi hapa kambini wanajiuliza watawaachia watoto wao nini, maana shamba lilibaki na nyumba ilibaki. Hapa lipo jibu moja.

KUSADIKIKA

Mwaka 1951 kilitoka kitabu chake maarufu kuliko vyote, Kusadikika. Ni hadithi ya nchi inayoelea angani. Kijana mmoja, Karama, anashtakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha watu sheria. Katika utetezi wake anawakumbusha wakubwa wa nchi habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, juu na chini, wakaona mema ya nchi nyingine, wakarudi kuyaeleza. Kila aliporudi mjumbe, badala ya kushukuriwa alitiwa gerezani. Mwishoni Karama anashinda kesi, na wale waliofungwa wanafunguliwa.

Wahakiki wengi wameisoma hadithi hiyo kama lawama iliyofunikwa dhidi ya utawala wa kikoloni. Mwandishi alikuwa bado karani wa serikali hiyohiyo. Hakutaja Mwingereza wala Tanganyika. Alisema ni nchi ya angani, na kila aliyekuwa na masikio akasikia.

Sisi wakimbizi tunakisoma kitabu hiki kwa namna yetu. Sisi nasi ni watu tuliokwenda pande nyingi bila kutumwa. Tumejifunza ushonaji, uuguzi, ualimu, kukaa na makabila mengine, kusuluhisha ugomvi katika kamati. Siku tutakayorudi tutakuwa na mengi ya kueleza. Je, tutasikilizwa au tutashukiwa? Shaaban Robert hakutuahidi kwamba mjumbe atapokewa kwa ngoma. Alionyesha tu kwamba lazima mmoja asimame na kusema, na kwamba anayesema kwa hoja na kwa lugha safi ana nafasi ya kufungua milango ya wengine.

MTU MWEUSI KATI YA WENZAKE

Waliosoma kwa Kifaransa, kama wengi wetu, walifundishwa majina ya Léopold Sédar Senghor wa Senegali na Aimé Césaire wa Martinique. Hao, wakiwa wanafunzi Paris katika miaka ya 1930, walianza kuandika kwamba kuwa mweusi ni heshima, si laana. Marekani, katika mtaa wa Harlem, Langston Hughes alikuwa ameshaanza kuandika mashairi mafupi juu ya maisha ya weusi wa kawaida. Shaaban Robert ni wa kizazi hichohicho. Hakusoma Paris wala hakukaa Harlem, naye alifikia wazo hilo akiwa kwenye dawati la forodha.

Tofauti iliyopo ni lugha. Senghor na Césaire waliandika kwa Kifaransa, na aliyetaka kuwasoma alihitaji kwanza miaka mingi ya shule. Shaaban Robert aliandika kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini Tanga na muuza dagaa wa Buyenzi wangeielewa kwa kusomewa tu. Hatusemi kwamba wale wengine walikosea. Tunasema kwamba Mwafrika anayesifiwa kwa lugha asiyoielewa anasubiri mtu amweleze sifa zake.

Wala hakujisifu yeye. Aliandika kitabu kizima juu ya maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, aliyezaliwa Fumba katika familia ya kimaskini, akauza vyungu vya udongo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodiwa kwenye santuri. Siti alifariki mwaka 1950. Katika jamii iliyokuwa ikihesabu nasaba, mwanamume aliyekuwa mshairi mashuhuri alikaa chini akaandika habari za mwanamke mweusi asiye na ukoo mkubwa, ili asisahauliwe. Hilo ndilo tunaloita kuadhimisha historia yetu: kumtafuta aliyefanya jambo na kuliandika jina lake.

HESHIMA NA MAUTI

Shaaban Robert alikuwa mjumbe wa kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na wa halmashauri ya mji wa Tanga. Alipewa nishani ya kumbukumbu ya Margaret Wrong kwa uandishi wake, na Uingereza ikampa nishani ya MBE. Pamoja na hayo hakuwa tajiri. Miaka ya mwisho alijaribu kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, na kadhaa vilitoka baada ya kufa kwake: Kufikirika, Utubora Mkulima, Siku ya Watenzi Wote.

Aliwahi kuuona uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961. Baada ya miezi sita tu, mwezi Juni 1962, alifariki akiwa na umri wa miaka 53. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai 1962, Burundi nayo ikawa huru. Dar es Salaam leo kuna barabara na shule ya sekondari zenye jina lake.

Kazi iliendelea mikononi mwa wengine. Mmoja ni Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kwenye mwambao wa ziwa letu hilihili la Tanganyika. Alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, kisha akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji la Dar es Salaam.

YANAYOTUHUSU HAPA

Ndugu wasomaji, tuseme wazi. Katika nchi zetu nyingi neno Mswahili limetumiwa kama tusi, maana yake mjanja, mtu asiye na kwao. Watoto wetu wanalisikia. Wanasikia pia neno mkimbizi likitamkwa kwa namna hiyohiyo. Mtoto anayesikia maneno hayo mawili kila siku huanza kuinamisha kichwa kabla hajaulizwa jina. Ukimpa nguo, anavaa. Ukimpa uji, anakunywa. Kichwa bado kimeinama.

Tena tunaomba wahisani watusikilize bila kukasirika. Watoto wetu wamejua sana nyimbo za kushukuru. Kushukuru ni adabu, na hatutaacha. Lakini mtoto asiyejua kutunga kingine ila shukrani atajiona siku zote kuwa ni mkono unaopokea. Tunataka ajue kuwa ametoka katika watu waliotoa.

Kwa hiyo darasa la tatu limetunga juu ya Siti binti Saad. Darasa la nne limemchukua Wangari Maathai wa Kenya, aliyewaongoza wanawake kupanda miti na kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Darasa la tano limemchukua Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa tuzo hiyohiyo mwaka 2018 kwa kuwatibu na kuwatetea wanawake waliojeruhiwa na vita. Darasa la sita, kwa heshima ya nchi iliyotupokea, limetunga juu ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa mjini Usumbura tarehe 13 Oktoba 1961, kabla ya kuuona uhuru alioupigania. Kila shairi lina beti nne, hazizidi. Kabla ya kutunga, watoto walilazimika kutafuta habari za mtu wao, kuuliza wazee, kupanga mawazo, kuchagua maneno na kuhesabu mizani. Mzazi aliyeuliza kuhusu hesabu ajue kwamba ubeti mmoja una silabi 64, na mtoto wake amezihesabu zote kwa vidole, akakosea, akarudia.

Maombi yetu ni matatu. Wazee wanaojua vina waje shuleni jioni wawarekebishe watoto, maana sisi walimu hatujui kila kitu. Wafanyakazi wa mashirika, mnapoenda Bujumbura, mtukumbuke kwa madaftari, na kwa nakala hata moja ya Kusadikika au ya mashairi ya Shaaban Robert. Nakala moja inatosha shule nzima, kwa kuwa tutaisoma kwa sauti. Na wazazi, mtoto akirudi nyumbani akisema anataka kuwasomea ubeti, acheni sufuria kidogo mumsikilize. Beti nne hazimalizi dakika mbili.

Haba na haba hujaza kibaba. Karani wa Tanga alijaza chake kwa ubeti mmoja baada ya mwingine, baada ya saa za kazi, kwa miaka zaidi ya thelathini. Sisi tumeanza na beti nne kwa kila darasa. Mwakani, Mungu akitujalia, tutaongeza.